Ng'ombe Hatolewi na Kampuni

Kazi yangu ni kupanga sherehe za watu wengine. Nilianza na harusi za kanisani Kashojwa, mtaa wetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa spika za kuazima na jenereta iliyokuwa ikizimika katikati ya nyimbo. Sasa nafanya kazi na watu wa Mbarara wanaoandaa hafla za makampuni: tuzo za wafanyakazi bora, uzinduzi wa bidhaa, karamu za mwisho wa mwaka. Mimi ndiye msimamizi wa jukwaa. Nasimama nyuma ya pazia nimevaa fulana nyeusi, redio mkononi, nikielekeza nani apande, nani ashuke, muziki uanze lini. Kazi ikienda sawa hakuna anayejua kama nilikuwepo, na mimi napenda hivyo. Watu wanaopenda kuonekana wananichosha, na wengi wao ni washereheshaji.

Safari hiyo kiwanda cha maziwa kilitaka kuwatuza watu wanaokiletea maziwa. Tulikodi uwanja wa hoteli moja huko Kamukuzi, Mbarara, tukasimamisha mahema meupe na skrini kubwa. Tuzo ya mwisho ilikuwa mtamba mzima, anayepumua, na mshindi wake alikuwa mzee mmoja wa Nakivale. Mzee huyo huchunga ng'ombe wa wenyeji, na ujira wake ni maziwa ya jioni. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyapeleka kwenye kituo cha kukusanyia maziwa bila kukosa na bila kuyatia maji. Tangu alipokimbia Kivu ya Kusini, kule Kongo, hakuwa amemiliki ng'ombe hata mmoja.

Mimi pia natoka Kivu ya Kusini. Lakini yeye ni wa watu wa ng'ombe, na sisi ni watu wa jembe, na kule kwetu pande hizi mbili zimechomeana nyumba miaka na miaka. Baba yangu alikufa katika moto wa namna hiyo. Nakivale tunapanga foleni moja ya maji na tunasalimiana vizuri, ila mama yangu akipishana na mmoja wao njiani hutazama upande mwingine. Simlaumu.

Mchana tulifanya mazoezi kabla ya wageni. Mshereheshaji akamweleza mzee kwamba atasikia jina lake, atapanda, atashika kamba, atapigwa picha, atashuka. Mambo ya nusu dakika. Mzee, katika koti la suti lililomzidi mabega, alisikiliza mpaka mwisho.

"Na ni nani ananipatia?" akauliza.

"Kampuni," mshereheshaji akajibu.

"Kampuni ni nani? Iko na baba?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Akatueleza polepole kwamba kwao ng'ombe hutolewa na mtu. Mtu huyo unamshukuru hadharani kwa jina lake na la baba yake, na tangu siku hiyo jina hilo ndilo unaloliapia. Watoto wake na watoto wako hawainuliani mkono tena.

"Sasa mimi nitaapa kwa ile kitambaa?" akasema, akionyesha bango la kiwanda. "Kama hakuna mutu, muipeleke kwa mwengine."

Damu ilinichemka. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone; mgeni wangu huyu alikuja nipate wazimu. Lakini nilipomtazama niliona kwamba hata akiongea macho yake yako nyuma ya hema, kwa mtamba aliyefungwa pale, na yalikuwa huko tangu afike. Alimtaka kuliko kitu chochote. Na angeondoka bila yeye, hilo nalo lilionekana wazi. Nikamhurumia, hasira ikanitoka.

Mkurugenzi wa kiwanda alikuwa Kampala na hakutarajiwa. Nikamwita mkuu wa masoko, Mnyankole mmoja mchangamfu, nikamwomba asimame yeye kama mtoaji. Akatikisa kichwa.

"Hapana, dada. Ng'ombe si yangu. Baba yangu iko na ng'ombe mingi, na yeye atasikia muzee anaapa na jina yetu. Ataniuliza, wewe ulitoa ng'ombe gani? Mimi nitasema nini?"

Kumbe naye ni mtu wa ng'ombe, na jambo hili kwake halikuwa mchezo.

"Nani aliichagua?" mzee akauliza.

"Mimi," nikasema. Katika kazi hii anayeagiza maua ndiye anayeagiza na ng'ombe. Nilikwenda mwenyewe kwenye shamba moja ng'ambo ya mtaa wa Ruharo, nikaonyeshwa mitamba, na kwa kuwa sijui lolote nikamchukua aliyenisogelea. Asubuhi hiyo nilimwogesha kwa mikono yangu kwa sababu waliotumwa hawakutokea.

"Basi ni wewe unanipatia."

"Baba, mimi ni mutoto wa watu ya jembe. Unajua mambo yenye ilipita kule."

"Ninajua. Njo maana ninakuuliza sasa, mbele bageni bafike. Unaweza kataa, sitakasirika. Baba yako aliitwaka nani?"

Habari za Mbarara hufika Kashojwa kabla ya jua kuzama, na nilijua mama atakuwa wa kwanza kuambiwa. Jina la baba halitajwi nyumbani kwetu. Tunasema "marehemu" basi. Nilitaka kukataa. Nilimtazama tena yule mzee na koti lake, nikashindwa. Nilimtajia jina kwa sauti ndogo, naye akalirudia mara mbili ili asilikosee.

Saa yetu ilipofika nilipanda jukwaani na fulana yangu nyeusi, redio kiunoni, kamba mkononi. Nikamkabidhi. Mzee akainua mikono yake juu na kuanza kumsifu mtamba kwa lugha yao, kisha mimi, kisha baba. Fundi wa sauti alikuwa akiniuliza redioni kama apige muziki, nikamwambia asiguse kitu. Katika maneno yote niliyatambua majina tu. Jina la baba yangu lilitoka kwenye spika zile likasikika mpaka barabarani. Nililia mbele ya wageni wote.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa akichambua maharage.

"Ulimupatia ng'ombe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na jina ya baba yako."

"Ndiyo."

Akaendelea na maharage yake. Majuma yalipita hatujaligusa jambo hilo.

Kisha siku moja jirani yetu, Mrundi mwenye watoto wadogo, alinishukuru kwa maziwa ambayo mama huwapelekea kila jioni. Nilishangaa. Mama hanywi maziwa, na kituo cha maziwa kinapelekewa na watu wale wale anaowakwepa njiani. Kesho yake nikamfuata bila kumwambia.

Nilimkuta kituoni amesimama kando ya foleni, kitenge kichwani, chupa yake imeshajaa. Alikuwa amekwisha kununua lakini haondoki. Mzee akafika na debe lake, mpimaji akamtania kwamba leo ametia maji, na mzee akaapa kwa sauti, kama anavyoapa kila siku, kwa binti aliyempa ng'ombe na kwa baba yake. Akalitaja jina lote la baba yangu. Mama akalisikiliza mpaka mwisho, akafunga kizibo cha chupa yake, akarudi nyumbani.