Kadi ya Gualter

Leontina Pacheco hakuumbiwa kukaa. Alistaafu kiwanda cha mapazia goti la kulia likiwa limechakaa kwa kukanyaga cherehani, lakini kustaafu hakukumpa utulivu. Alifua vilivyo safi, akapiga pasi mashuka, akapanda na kushuka ngazi za nyumba yao ya mbao hapo Fall River, Marekani, kana kwamba kuna mtu anamwita kila ghorofa. Majirani, wengi wao watu wa visiwa vya Azori vya Ureno kama yeye, walimzoea hivyo.

Mwaka ule, hata hivyo, alikuwa na sababu. Mumewe alikuwa amebadilika.

Gualter alikuwa mtu wa watu. Kila alasiri alishuka klabuni kucheza karata na wazee aliofanya nao kazi kwenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi, na akishinda kelele zake zilifika barabarani. Tangu Pasaka hakukanyaga huko. Binti yao Nélia, aliyeolewa jimbo la Connecticut, akiwaalika chakula, baba mtu anasema barabara ni ndefu. Ikafika sikukuu ya Roho Mtakatifu, mtaa mzima uko nje na mikate yake na masufuria ya supu, yeye yuko uani anapogoa mzabibu usiohitaji kupogolewa. Gari la polisi likipita, anaingia ndani.

"Una nini wewe?" Leontina alimuuliza.

"Sina kitu."

"Unaumwa?"

"Nimesema sina kitu, mwanamke."

"Basi umepata mwingine."

"Mwingine!" Gualter akainua mkasi wa kupogolea. "Mwingine wa nini? Mmoja tu hanipi nafasi ya kupumua."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtania baada ya miezi, na Leontina akacheka, lakini wasiwasi haukumtoka. Akaanza kumchunguza. Akakuta droo ya soksi imepekuliwa, mifuko ya makoti ya baridi imetolewa nje kama ndimi, kopo la unga limehamishwa. Kuna mtu alikuwa akitafuta kitu ndani ya nyumba yake. Na nyumbani walikuwa wawili tu.

Mwezi Julai simu ikalia kutoka São Miguel, kisiwa alikozaliwa Gualter. Shemeji yake Gualter alikuwa akilia. Kaka mkubwa, Eduíno, amepooza upande mmoja, na kwa mdomo uliopinda anataja jina moja tu: Gualter, Gualter.

Leontina hakungoja. Alishusha sanduku kabatini, akatia mashati, akatia dawa za presha, akatoa tena mashati ayakunje upya. "Nipe pasipoti yako na kadi ya ukaazi," akasema. "Nélia anatukatia tiketi leo hii."

Gualter alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Pasipoti yake ya Kireno akaitoa. Kisha akairudisha mikono mapajani.

"Na kadi?"

"Sina."

"Huna vipi?"

"Imepotea. Tangu Pasaka. Nimeitafuta mpaka kwenye unga, Leontina. Haipo."

Leontina alisimama na shati mkononi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapata uraia wa Marekani zamani. Maswali ya mtihani aliyabandika ukutani mbele ya cherehani yake, akayameza huku anashona. Gualter alikataa. Alisema yeye ni wa São Miguel, kadi ya ukaazi inamtosha. Na kweli ilimtosha miaka yote ile, hata akasahau kwamba maisha yake yote ya Marekani yalikaa ndani ya kitu kinachotosha mfukoni mwa shati.

"Ndiyo maana huendi klabuni?"

"Wanasema kwenye televisheni wanasimamisha watu. Wanauliza karatasi. Ningesema nini mimi? Na Kiingereza changu hiki?"

"Ungesema nina mke!" Sauti ikampanda. "Miezi mitatu, Gualter! Miezi mitatu nadhani unakufa, na wewe unaogopa magari!"

"Niliogopa kukwambia pia."

 Leontina akalitupa shati kitandani, akashuka uani, akapanda tena, akashuka. Mwishowe akampigia Nélia.

Nélia alikuja na kompyuta yake, akawaweka wote wawili mezani. Ombi la kadi mpya likatumwa kabla kahawa haijapoa. Kisha ikawa kazi ya kungoja, na kungoja ndiko Leontina asikokuweza. Usiku na mchana alisikia simu isiyolia. Kila shemeji alipopiga, alipokea akiwa amejishika kifua. Nélia naye akapiga simu uhamiaji kila asubuhi, akieleza habari ya mgonjwa, mpaka akaambiwa kuna mhuri wa muda unaogongwa kwenye pasipoti, utakaomwezesha mzee kutoka na kurudi. Lakini kwanza alama za vidole.

Siku ya alama za vidole Gualter alivaa koti la kanisani. Dada aliyewapokea ofisini alikuwa na asili ya Kabo Verde, akawasemesha Kireno mara tu alipoona jina. Akamshika Gualter kidole, akakibana juu ya kioo cha mashine. Mashine ikakataa. Akakipangusa, akarudia. Ikakataa tena. Kidole cha pili, vilevile.

"Mzee wangu, vidole vyako viko wapi?"

"Si hivyo unavyovivuta?"

"Havina mistari. Vimelainika kama kioo. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Rangi. Rangi na dawa za kusafishia vitambaa." Gualter alikuwa anatokwa jasho, na uso umemwiva. "Mistari yangu nimewaachia kwenye nguo zenu. Nendeni mkaitafute huko."

Leontina akamfinya ubavuni. Alishawaona wanarudishwa nyumbani kwa kukosa hata vidole. Lakini yule dada alicheka tu. "Usijali, baba, hata mama yangu yuko hivyo, alikuwa anapara samaki." Akaleta kitambaa chenye maji, akamlowesha kidole kimoja kimoja, akavibana taratibu, akajaribu tena na tena, huku foleni nyuma inaguna. Leontina aliinuka kitini, akakaa, akainuka. Mwishowe dada akasema alama zinatosha.

Mhuri ukapatikana wiki iliyofuata. Wakasafiri.

Eduíno alikuwa hai. Walimkuta kitandani karibu na dirisha, amepungua nusu, lakini jicho lake zima lilimtambua mdogo wake mlangoni. Akavuta mdomo kwa shida. "Mmarekani," akasema, "umechelewa." Gualter akapiga magoti pale pale, akaulaza uso kwenye mkono uliokufa. Walikaa naye wiki tatu, na Gualter ndiye aliyemnyoa kila asubuhi. Eduíno alifariki Septemba, wao wakiwa wamesharudi.

Kadi mpya ilikuja majani yakianza kuanguka. Gualter aliitazama picha, akasema huyu mzee simjui, akarudi klabuni.

Leontina hakuridhika; alitaka mumewe awe raia kama yeye. Ilikuwa ni Nélia aliyewaambia, Jumapili moja mezani, kwamba mtu wa umri wa baba yake, aliyekaa nchini miaka yote hiyo, anaruhusiwa kuufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake mwenyewe.

Gualter aliweka kijiko chini. "Kwa Kireno?"

"Kwa Kireno, baba."

"Na hakuna aliyeniambia."

Alimtazama mkewe. Leontina hakuwa anajua, lakini hakuwa ameuliza pia, na uso ukamwaka. Akainuka kuosha vyombo ambavyo watu walikuwa bado wanavitumia kula.

Ombi lake la uraia lilipelekwa kabla ya Krismasi. Sasa kila baada ya kifungua kinywa Leontina anamuuliza maswali huku anafagia, na yeye anajibu kwa kubishana na kila jibu. Tarehe ya mtihani haijaja. Mleta barua hajafika hata kona, mama huyo ameshatoka barazani mara mbili.