Ufunguo Ulipogoma Mpui

Mume wangu alipigwa kijijini Mpui, siku ya mnada wa ng'ombe, mchana kweupe, kwa sababu ya swichi ya gari.

Ilikuwa enzi za ruksa. Biashara ya mazao ilikuwa imeachiwa, na mtu yeyote mwenye mizani na magunia aliweza kuingia kijijini akanunua, kazi ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake. Mimi ni Mfipa wa Mollo, nimekulia kwenye maharage. Mume wangu alitoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa Waislamu wauza dagaa. Tulikutana sokoni Sumbawanga tukigombea gunia moja, tukatukanana, na mwaka uliofuata tukaoana. Alikuwa mtu wa hasira za haraka, na mimi sikuwa nyuma.

Tulinunua pikapu kuukuu iliyokuwa imeshapita mikononi mwa watu wengi. Injini ilikuwa nzima. Kilichokufa ni swichi, pale unapochomeka ufunguo. Siku moja inashika, siku nyingine unazungusha ufunguo na hata taa haziwaki. Mume wangu aliipiga dashibodi ngumi mpaka vidole vikachubuka. Akanunua swichi nyingine dukani, maana siku hizo maduka yalijaa vitu vinavyong'aa ndani ya maboksi, lakini ilikuwa feki, haikumaliza msimu. Fundi akatuambia tusubiri ya kweli itoke Mbeya. Wakati tukisubiri akatuchomolea nyaya chini ya usukani: mbili unazisokota pamoja, ya tatu unaigusisha juu yake mpaka cheche iruke na injini ishike. Hata mimi, ambaye sikujua kuendesha, nilijua kuliwasha gari lile. Ufunguo tuliuacha unaning'inia palepale kama pambo.

Siku ile pale Mpui upepo ulikuwa mkali, vumbi la mnada limetanda mpaka miguu ya ng'ombe haionekani. Watu hawakuwa na amani. Wiki chache kabla, lori la mnunuzi mmoja lilikuwa limeibwa barabarani na dereva wake akakutwa mtaroni amekatwa mapanga. Kila mgeni aliangaliwa mara mbili.

Tulimaliza kupakia. Nilikwenda nyuma ya vibanda kumuaga mama mmoja aliyeniuzia maharage, mume wangu akaenda kuwasha gari. Yaliyofuata sikuyaona mwanzo wake; alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa vipande vipande. Alifungua mlango, akalala chali kwenye kiti, kichwa chini ya usukani, miguu ikining'inia nje. Muuza mitumba mmoja aliyekuwa na kibanda jirani akaiona ile miguu, akaziona nyaya na cheche.

"Mwizi wa gari!"

Wakamvuta kwa miguu, kisogo kikagonga ngazi ya mlango. Akasimama, akapiga kelele kwamba gari ni lake. Lafudhi yake ya ziwani ikatangaza kwamba si mtu wa hapa. Kijana mmoja akachungulia ndani akauona ufunguo.

"Kama ni lako, mbona ufunguo upo na unaunga nyaya? Haya, liwashe tuone!"

Mume wangu akapanda, akauzungusha ufunguo. Kimya. Akauzungusha tena. Aliniambia kwamba kwenye kile kimya alisikia mtu mmoja akicheka, na hapo akajua.

Mimi nilisikia kelele, nikaona watu wanakimbilia upande wa magari. Nilikimbia nao. Nasema kweli, nilikimbia kama wengine, nikitaka kuona mwizi. Nilipopenya mpaka mbele nikaona shati. Nilikuwa nimelipiga pasi mwenyewe asubuhi. Aliyelivaa alikuwa chini, na uso wake haukuwa uso. Walimpiga kwa mateke, kwa magongo ya kuswagia ng'ombe, kwa mawe. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alimpiga kwa kandambili, na kila akiinama kupiga, mtoto naye anayumba. Muuza mitumba alikuwa ameinua jiwe kwa mikono miwili.

Ndani ya gari, chini ya kiti, kulikuwa na chuma cha kuzungushia injini. Sikumbuki kukichukua. Nakumbuka uzito wake tu, na mlio wa mkono wa yule mtu ulipovunjika, mlio mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Jiwe lilimwangukia mguuni mwake mwenyewe. Nikampiga mwingine begani, nikampiga mwingine sijui wapi. Nilikuwa natukana kwa Kifipa, matusi ambayo mama yangu angenifukuza nyumbani kwa kuyajua.

Nadhani ni ile lugha iliyowashika mikono. Mama aliyeniuzia maharage alifika akihema, akanikumbatia kwa nyuma, akapiga ukelele: "Huyu ni mtoto wetu! Huyo mnayemuua ni mume wake! Gari ni lao!"

Wakarudi nyuma hatua, kisha nyingine. Mgambo walikuja wakipuliza filimbi wakati watu wameshaanza kutawanyika, kila mmoja akijipangusa mikono kama aliyetoka shambani. Mgambo mmoja akauliza nani anajua kuendesha. Mfugaji mmoja, wa hawa waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, akajitokeza. Nikaingia chini ya usukani mbele yao wote, nikagusisha waya, cheche ikaruka, injini ikashika. Hakuna aliyecheka.

Wakampandisha mume wangu nyuma, juu ya maharage. Wakampandisha na muuza mitumba, maana mfupa wake ulikuwa umetokeza nje ya ngozi. Nikakaa katikati yao, kichwa cha mume wangu mapajani, chuma bado mkononi. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila tulipodunda wote wawili walipiga yowe.

Baada ya mwendo mrefu yule mtu akasema, "Dada, umenivunja mkono."

"Nilitaka kichwa."

Akauegemeza mkono kifuani. Halafu akauliza, "Sasa kama ni gari lake, ufunguo mbona uligoma?"

"Swichi ni mbovu."

"Swichi?"

"Swichi."

Akageuza uso akatazama vilima. Nikaona anatetemeka, sijui ni maumivu, baridi, au jambo jingine. Nilifikiri kumsukuma aanguke. Nilichagua hata mahali, kwenye kona ya daraja. Mume wangu akakohoa damu mapajani kwangu, nikashughulika naye, daraja likapita.

Hospitali walilazwa wodi moja. Mume wangu alipoteza meno ya mbele na jicho la kushoto, na mbavu zake zinamuuma kila msimu wa baridi mpaka leo. Muuza mitumba aliondoka kabla yake, mkono ukiwa kwenye plasta. Hakuaga, wala sikutaka aage. Polisi walimuuliza mume wangu nani alimpiga. Akasema wote, wakafunga jalada.

Swichi ya kweli ilifika kutoka Mbeya yeye akiwa bado kitandani. Fundi aliifunga nikiwa nimesimama pale, kazi ya dakika chache, akazungusha ufunguo na gari likawaka mara moja. Akatabasamu akitegemea nifurahi. Nilimwambia azime, nikaenda nyuma ya gereji, nikatapika.

Mume wangu hakukanyaga Mpui tena. Mimi nilirudi msimu uliofuata na dereva wa kukodi, kwa sababu maharage mazuri yalikuwa kule na watoto walikuwa wanakula. Nilifungua mizani mahali palepale. Watu wakaja na magunia yao, wakanisalimia kwa Kifipa, wakauliza habari za mvua za Mollo. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akatua debe lake mbele yangu.

"Baba watoto anaendeleaje?" akaniuliza, bila kuniangalia.

Nilimtazama miguuni. Alikuwa amevaa kandambili, kama wanawake wote waliokuwa kwenye foleni.

"Anaendelea," nikasema, nikapima maharage yake.