Siku Baba Alipopaka Rangi Askari Wangu

Nikipita mtaa wa Katwe wanakochomelea mageti, nikanusa rangi ya mafuta iliyochanganywa na petroli, mimi sioni geti. Naona sinia la mama limejazwa udongo, na juu yake askari wadogo wa plastiki, wafupi kuliko kidole changu cha mwisho, wamepangwa kwenda vitani. Wengine harufu hiyo huwaumiza kichwa. Mimi hupunguza mwendo, nikavuta pumzi, kisha nikaendelea na shughuli zangu.

Tulikaa Wandegeya, katika laini za polisi, zile nyumba zao za safu. Baba alikuwa sajenti, mtu wa Arua, mrefu, mwenye maneno ya kuhesabika. Jeshi lilikuwa limemwazima ili amwendeshe Kapteni mmoja, kazi ambayo majirani waliisifia kwa mbali, maana hakuna aliyetaka kuisogelea. Ilikuwa miaka ile ambayo serikali ya kijeshi ilikwisha kuwafukuza Wahindi, na maduka yao wakagawiwa wakubwa wa jeshi. Kapteni aliangukiwa na duka la vitabu na vitu vya watoto, na nusu ya alivyovikuta hakujua avifanyie nini. Ndipo siku moja akampa baba sanduku la karatasi ngumu lisilo na mfuniko, akasema, "Pelekea mutoto."

Ndani mlikuwa na askari weupe kama mtindi, wameshikamana na vijiti vyao. Ukikata kijiti, askari anatoka. Wengine walivaa kofia ngumu na kushika bunduki. Wengine walikuwa vifua wazi, wana mikuki na ngao. Leo najua kwamba huko Ulaya wapo watu wazima na akili zao wanaokaa mezani na askari wa namna hiyo, wakirudia vita vya zamani vya kutwaa nchi zetu, na kila kifungo cha koti kina rangi yake. Bila shaka picha ya kuonyesha rangi hizo ilikuwa kwenye mfuniko. Sisi mfuniko hatukuwa nao.

Nilikuwa na miaka tisa, kwa hiyo nikamwendea babu. Babu Farajala, baba yake mama, alikuwa keya, yaani askari wa Mwingereza, na alifika hadi Burma. Mpaka uzeeni alikunja blanketi lake likawa na pembe kama za tofali. Laini nzima hakuna aliyejua mambo ya askari kumshinda yeye, kwa maoni yake mwenyewe. Nikamwuliza wenye bunduki ni akina nani.

"Ni sisi," akasema. "Muzungu alikuwa nyuma, na filimbi."

"Na wenye mikuki?"

Alikohoa kidogo. "Watu tu. Walikataa amri."

Nikaridhika. Kama wenye bunduki walikuwa sisi, basi sura zao nazijua na nguo zao nazijua, maana nilikuwa nikiwaona kila siku barabarani. Mama aliniombea kwa mchomeleaji wa Katwe mabaki ya rangi ya kijani. Brashi niliitengeneza kwa singa za mkia wa mbuzi nilizozifunga kwenye njiti ya kiberiti. Nyuso nilizipaka rangi ya viatu vya baba. Nguo nilizitia kijani, kisha madoa, zikawa sawasawa na za askari wa Kapteni. Wenye mikuki hawakunisumbua, kwa kuwa hawakuwa na nguo. Babu aliwakagua askari wangu mmoja mmoja, na mmoja akamrudisha kwa kosa la mkanda uliopinda.

Kisha tukapigana. Babu aliongoza bunduki, mimi mikuki. Kwa sheria zake risasi hutangulia, kwa hiyo watu wangu hawakuwahi kukifikia kilima cha udongo. Nilipolalamika alisema vita si harusi hata kila mtu ale. Nilikuwa nikiwalaza chini watu wangu kila jioni, na kwa kweli sikuona ubaya wowote.

Jumapili moja Kapteni alikuja kumchukua baba. Mama akamwekea chai na mandazi. Kapteni alikuwa na furaha siku hiyo, akataka aonyeshwe zawadi yake imefika wapi. Nikaleta sinia kwa mikono miwili, vita vikiwa katikati.

Aliinama akatazama muda mrefu. Akaokota mmoja mwenye bunduki. "Hii ni askari ya nani?"

"Ni yetu, afande," nikasema kwa sauti ya shule.

"Na hii nalala chini?"

"Ni watu, afande."

Babu aliacha kutafuna. Baba akacheka, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake kabla wala baada. "Mutoto amekosa rangi, afande. Hii ni muzungu. Rangi nyeupe ilikuwa hakuna."

"Basi tafuta," akasema Kapteni, akavuta kiti. "Mimi nangoja."

Baba alitoka nje kuchukua chokaa ya kupaka mawe ya njiani. Mama akamfuata. Hawakukawia. Baba akarudi na kopo, akaketi mkekani kando yangu akiwa na sare yake, na goti lake likanigusa.

"Zaituni, brashi inashikwaje?"

Nikamwonyesha. Nikamfundisha pia kwamba chokaa peke yake haishiki plastiki, inataka uji mzito wa muhogo, ule tuliogundishia tiara. Akafanya nilivyomwambia. Yeye alipaka nyuso, mimi makoti, kwa rangi nyekundu ya kucha za mama. Chokaa ikamwagikia macho ya askari, nami nikamcheka, nikamwambia ataizoea. Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Kapteni alimaliza mandazi yote.

Mwishowe akaokota mmoja kabla hajakauka. Chokaa ikamwingia kidoleni. Akakifuta begani mwa baba, juu ya mistari yake ya usajenti, akasema, "Sasa naona muzungu." Kisha akatoka, na baba akatoka nyuma yake kwenda kumwendesha.

Nilimwuliza mama kwa nini tumewaharibu askari wangu. "Funika kombe mwanaharamu apite," akasema, na vyombo vya chai hakuviondoa mpaka baba aliporudi kabla ya magharibi. Baba alioga, akaswali, akalala. Hakuketi tena kucheza nami. Hakuwa mtu wa michezo, nami kwa miaka mingi niliwasimulia wenzangu shuleni ile Jumapili kama mtu anayeonyesha kitu cha thamani: baba yangu aliwahi kunisaidia kupaka rangi, alasiri nzima.

Mama alinisimulia upande wake nikiwa nimekwisha kuzaa, baba akiwa ameshazikwa kwao, amekufa kwa maradhi ya kawaida, namshukuru Mungu. Pale nje, kwenye kopo la chokaa, baba alivua saa yake akampa. Akamtajia jina la ndugu yake wa Arua na basi la kupanda yeye asiporudi. Akamwambia asilie mbele yangu.

Kisha akaingia ndani, akaketi kando yangu, akaniuliza brashi inashikwaje. Alikuwa ameshaaga.