Kinda la Mnana Katika Uwele wa Bibi

Kwa kuamia ndege wasile mazao nilikuwa sina mpinzani. Enzi hizo za Mwingereza, pale Sepuka, uwele ukianza kukomaa mtoto hana tena mchezo: unapanda dungu, jukwaa la miti pale shambani, alfajiri na debe bovu, unalipiga na kupiga kelele mpaka jua lizame. Shamba lilikuwa la bibi, mama yake baba, na kwa bibi masuke yakiliwa, mwamiaji hula fimbo.

Siku moja nikaokota kinda la mnana chini ya mgunga wa pembeni. Lilikuwa limetoka kiotani kabla ya siku zake, mbawa fupi, mkia hakuna. Mnana! Adui yetu yule yule mla uwele. Ningelikanyaga ningesifiwa. Lakini lilinitazama, jamani, nikaishiwa nguvu. Nikalipeleka nyumbani, nikalilisha uji. Likatema.

"We mke mwenzangu," bibi akanicheka, "huyo hakuzaliwa na mtu. Mrudishe kwa mama yake amletee panzi. Asipokula leo, kesho humkuti."

Nikaliweka ndani ya kipande cha kibuyu, nikakifunga kwenye tawi la mgunga ule, nikarudi dunguni. Kweli mama akaja na panzi mdomoni. Nami, kwa mazoea, nikapiga debe. Akatimka! Akarudi, nikapiga tena. Mara ya nne ndipo akili ikanijia: mimi ndiye ninayelinyima kinda chakula.

Basi pembe ile nikainyamazia siku tatu nzima. Kinda likanenepa, na ndege wengine wakapata habari. Wakaja ukoo mzima na wakwe zao! Masuke yakabaki vijiti vitupu.

Siku ya nne bibi akaja kukagua. Akayatazama masuke, akanitazama mimi, akakitazama kibuyu. Papo hapo kinda likaruka, likayumba kama mlevi, likatua kwenye suke moja lililosalia zima mbele yake, likaanza kudonoa.

"Haya," bibi akasema, "mgeni wako ameshajua kula."

Akaokota bonge la udongo. Bibi hakuwahi kukosa ndege tangu nimjue. Nikafumba macho. Nilipofumbua, bonge lilikuwa limeanguka hatua tano kando, kinda limepaa hadi mgungani, na bibi anajipangusa mikono akilalamika eti jua limemwingia machoni. Jua lilikuwa mgongoni kwake.