Josho la Mgongo wa Kaka

Kwa mwezi mzima niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba mtu akienda kupasuliwa mgongo kwenye hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa hupitishwa josho. Josho kabisa, kama la ng'ombe. Akishatoka humo malaria haimwoni, minyoo inamkimbia, na nyoka akimuuma, anayekimbizwa hospitali ni nyoka.

Habari hiyo aliileta mjomba. Yeye ndiye aliyempeleka kaka yangu kutibiwa baada ya mkokoteni wa ng'ombe kupinduka naye hapa Kaniha. Daktari aliwaeleza kwamba kabla ya kushona, kidonda kitaoshwa hadi ndani kwa dawa ya kahawia ya kuua wadudu. Sasa sisi ni wafugaji, baba alitoka Shinyanga akiswaga ng'ombe. Ukitutajia dawa ya kuua wadudu hatuulizi swali la pili. Mjomba alipofika nyumbani alikuwa ameshaongeza shimo, ngazi na foleni.

Kaka alirudi na vyuma mgongoni na agizo moja: kidonda kiwe kisafi na kikavu, maana kikiingiwa na wadudu vyuma vitang'olewa, na huenda asitembee tena. Agizo tulilikumbuka siku moja. Habari za josho zilifika mpaka kijiji cha Bisibo kabla ya jua kuzama. Watu walipanga mstari kumshika mkono kama askofu, na mama alichinja kuku mpaka majogoo wa kata nzima wakaacha kuwika kwa hofu.

Na mimi je? Wiki hiyohiyo matokeo yangu ya kidato cha nne yalitoka. Miaka minne ya masomo ya jioni, natoka shamba na matope magotini naingia darasani, na nimefaulu. Nilimsomea mama somo baada ya somo.

"Hongera, baba," alisema. "Hebu mpelekee kaka yako maziwa."

Nilimpelekea. Nikamwambia hata mimi mgongo unaniuma.

"Wako haujaoshwa," alijibu akifuta povu la maziwa mdomoni. "Utazeeka na minyoo yako, msomi."

Shemeji, mke wake, alipokuja na bandeji mpya, kaka alimfukuza kwa mkono. "Ng'ombe aliyetoka joshoni umewahi kumfunga kitambaa?" Sote tulicheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Siku moja, nikimsaidia kaka kuinuka, niliona shati lake limelowa kiunoni. Maji ya njano, yananata. Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Mimi roho iliniuma: yaani huyu kamiminiwa dawa mpaka inafurika, na mwingine hana hata tone. Nilinyamaza. Kusema kungekuwa kumpatia kuku mwingine.

Kesho yake mchana, jua likiwa kali la kukausha mihogo, kaka akaanza kutetemeka. Akasema miguu imekuwa mizito. Shemeji alimfunua shati, kisha akanigeukia.

"Jana ulimwinua wewe. Hukuona kitu?"

"Niliona dawa inavuja, shemeji."

Alitoka kwenda kutafuta gari, na njia nzima ya kwenda hospitali ya wilaya alimwegemeza kaka begani bila kunitazama. Nilikaa nyuma, nikihesabu vidole vya miguu ya kaka kana kwamba ningeweza kuisukuma itembee. Wivu wote ulikuwa umeniisha, nimebaki na woga.

Nesi alikuwa mama wa makamo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imeanza lini kutoka hii?"

"Niliiona jana."

"Na hukusema?"

"Nilijua ni ile dawa waliyomwogeshea. Si alipitishwa josho?"

Hakucheka. Alimpapasa kaka nyayo, akamwambia asukume, na kaka akasukuma, kwanza kulia, halafu kushoto. Ndipo akanigeukia.

"Miguu bado ina nguvu. Leo hii anarudishwa kule wakamfungue wamsafishe upya. Ila sikiliza, mwanangu, ukawaeleze na nyumbani. Hakuna josho. Waliosha kidonda kikiwa wazi, dakika chache tu, wakasuuza kwa maji ya chumvi, wakashona. Inapunguza wadudu wa wakati ule wa upasuaji. Haibaki mwilini, wala haizuii kidonda kuoza kisipotunzwa. Hiki kinachovuja ni usaha."