Kasumba Tamu ya Khadsar

Mulu Ahir ndiye aliyekuwa akitengeneza kasumba, kile kinywaji kichungu cha afyuni, katika ikulu ya Khadsar, na kazi hiyo msiidharau. Khadsar kilikuwa kijinchi huko Kathiawar, Uhindini, kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya mlangoni kwako, jirani wa nchi ya pili anakuombea afya. Lakini kilikuwa na mtawala wake, ambaye kila mtu alimwita Bapu, na kilikuwa na namna yake ya kutoa neno. Mtawala akitaka kuahidi kitu, haandiki. Kasumba inatwangwa, inachujwa kwa kitambaa cha sufu, anaikinga kwa kiganja cha kulia, na anayeahidiwa anainywa humo humo kiganjani. Kisha naye anamnywesha mtawala kwa kiganja chake. Basi, yamekwisha. Atakayevunja neno hilo, hata mbwa wake atamwonea haya.

Mulu alizaliwa kijiji cha wafugaji, akaingia ikulu kijana mbichi. Ni yeye aliyembeba Bapu huyu mgongoni tangu hajaota meno. Alipougua surua, Mulu ndiye aliyekesha akimpepea. Hakuoa, hakujenga. Nyumbani kwao alibaki mdogo wake Devayat na ng'ombe, na ng'ombe hao walikula nyasi za Ghodidhar, mbuga waliyoichunga tangu enzi za babu zao. Ukiondoa Ghodidhar, kijiji kile hakina maziwa, hakina samli, hakina kitu.

Sasa Bapu alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni mizinga. Watawala wakubwa wakienda kumwona Mwingereza walipigiwa mizinga ya heshima, tisa, kumi na moja. Yeye hakupigiwa hata fataki. Akija jirani yake mwenye mizinga tisa, Bapu hali chakula siku hiyo, jamani! Na Mzungu aliyewakilisha serikali ya Kiingereza upande ule alikuwa na farasi wengi, na jicho lake lilikuwa Ghodidhar.

Habari zikafika kijijini. Devayat akaja ikulu mbiombio, miguu vumbi tupu.

"Kaka, wanasema mbuga inauzwa kwa Mzungu."

"Nani anasema? Bapu namjua mimi. Njoo kesho barazani, akupe neno lake mbele za watu kwamba haiuzwi."

Asubuhi yake Bapu akamwita Mulu faragha. "Mzee wangu, daktari amenikataza kasumba, tumbo linaniwaka. Leo nitengenezee maji ya sukari guru. Rangi ni ile ile."

"Lakini Bapu, hili ni neno."

"Neno liko moyoni, mzee wangu, haliko kwenye kinu. Au huniamini?"

Kumwambia hivyo mtu aliyekubeba mgongoni! Mulu akaona aibu kwa kuuliza. Akakoroga sukari guru, akaichuja vilevile kwa sufu, akaimimina kwenye kile kiganja alichokifundisha kushika kijiko. Devayat akainama akanywa, naye akamnywesha Bapu, machozi yakimtoka. Baraza zima likashangilia.

Pale mlangoni wakati wa kuagana, Devayat akamgonga kaka yake begani. "Kumbe kasumba ya ikulu tamu hivi! Baba alikuwa akitukunjia uso akisema chungu, chungu. Ndiyo maana hutaki kurudi nyumbani, wewe!"

Mulu akacheka. Alikuwa na nafasi ya kusema pale pale, lakini akaona kusema ni kumtia Bapu doa bure. Akamfungashia mdogo wake mkate wa uwele na pilipili, akamsindikiza hadi kisimani.

Mvua ziliponyesha na nyasi kufika kiunoni, walikuja askari na waya wa uzio. Ng'ombe waliokuwa mbugani walikamatwa, wakafungiwa zizi la serikali, na ndama wakabaki wakilia kijijini. Devayat akaja barazani bila kuitwa. Mzungu alikuwapo, amekaa kiti cha mbele, na Bapu alikuwa amevaa kilemba kipya.

"Bapu," Devayat alisema, "nilikunywa kiganjani mwako."

"Ulikunywa nini?"

"Kasumba! Wote hawa waliniona."

Bapu hakupandisha sauti. "Muulize kaka yako. Yeye ndiye aliyetengeneza."

Baraza zima likamgeukia Mulu. Hapo akaelewa. Lo, akaelewa yote kwa mpigo mmoja: hapakuwa na daktari wala tumbo. Yule mtoto wake wa kulea alikuwa amemtuma amtegee ndugu yake mtego, na mtego wenyewe alikuwa yeye. Akajua pia kwamba neno moja tu lingeokoa mbuga. Angesema "ilikuwa kasumba," wazee wa baraza wangemshikilia Bapu kwa neno lake, Mzungu apende asipende. Uongo, ndiyo, lakini yupi pale alikuwa amesema kweli? Akafungua mdomo.

Devayat akamtangulia. Alikuwa akimtazama kaka yake, si Bapu.

"Ilikuwa tamu," alisema polepole. "Nikakwambia mlangoni kwamba ni tamu. Ukacheka."

Hakuna aliyemuuliza Mulu kitu tena.

Mwaka ule Bapu alipata mizinga yake tisa. Siku mizinga hiyo ilipolia, Mulu alikuwa njiani kuelekea kijijini, kinu na kitambaa cha sufu begani. Hakuaga mtu. Alimkuta Devayat amekaa mbele ya zizi tupu. Akaketi naye, akatwanga kasumba ya kweli, akachuja, akaikinga kiganjani na kumnyooshea mdogo wake.

"Sikujua, Devayat. Ninaapa. Na mimi nilidanganywa. Kunywa, nikupe neno langu."

"Ni chungu hii?"

"Chungu. Onja uone."

Devayat alikitazama kile kiganja. Kasumba ikapenya kati ya vidole vya Mulu ikadondokea vumbini.

"Kampe mwanao wa ikulu, kaka," Devayat alisema, akainuka akaingia ndani.