Disko kwenye Laini ya Hospitali

Miaka ya tisini nilikuwa opereta wa simu katika hospitali moja mjini Meru. Mkubwa wetu alileta redio ya kaseti, akaamuru iunganishwe na swichibodi ya simu ili wanaosubiri kwenye laini wasikie muziki.

Asubuhi moja mama mmoja alipiga kutoka Kianjokoma, akauliza hali ya mumewe. Nilimwomba asubiri, nikapiga wodini. Nesi akaniambia mzee amefariki.

Niliporudi kwa mama, alinikemea kwa hasira. “Msichana, mimi nauliza mgonjwa, nyinyi mnaniwekea disko?”

Nilimwomba tu aje na ndugu zake. Kisha niling'oa waya wa ile redio.

“Rudisha!” mkubwa akafoka.

“Rudisha wewe, na simu ujibu wewe.”

Aliurudisha. Mimi nikahamishiwa stoo ya mashuka, na hasira ya siku ile bado ninayo.